Kaburi la Mkomani: Nyumba ya mhubiri na gharama ya Injili

Ndugu msomaji, ukiwauliza watu kumi Ludwig Krapf alikuwa nani, wengi watakujibu bila kusita kwamba ndiye Mzungu aliyeuona Mlima Kenya na kupeleka habari zake Ulaya. Wakristo wataongeza kwamba ndiye aliyeanzisha misheni ya kwanza ya Kiprotestanti katika nchi hii. Lakini waulize mkewe aliitwa nani uone watakavyotazamana. Hali mwanamke huyo yuko papa hapa kwetu, amezikwa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa tangu mwaka wa 1844 pamoja na binti yake mchanga.

Jina lake ni Rosine. Iwapo una Jumamosi moja ya nafasi na jamaa wa kufuatana nao, mwandishi wa makala haya anakushauri uifanye safari fupi itakayoanzia kwenye kaburi lake na kuishia Rabai. Ni safari ya siku moja tu, wala haihitaji fedha nyingi. Lakini ukiifanya kwa utulivu utarudi na swali ambalo makanisa yetu huliuliza mara chache: mhubiri anapoitikia wito, nani nyumbani mwake hulipa?

ANZIA MKOMANI

Kutoka mjini Mombasa vuka daraja la Nyali, kisha ushike njia ya Mkomani. Ukishafika karibu na bahari waulize wenyeji walipo ukumbusho wa Krapf. Ng'ambo ya maji utauona Mji wa Kale na nyumba zake zilizobanana. Ufuo huu siku hizi umezungukwa na majumba ya kifahari na mahoteli, na mgeni asiyejua anaweza kupita asitambue kwamba yupo mahali penye historia.

Krapf alizaliwa mwaka wa 1810 huko Derendingen, Ujerumani. Alitumwa na chama cha kimisionari cha Kianglikana cha Uingereza, yaani CMS, akafanya kazi Uhabeshi kuanzia 1837. Mwaka wa 1842 akamwoa Rosine Dietrich nchini Misri. Kumbuka, msomaji, kwamba binti huyo aliondoka kwao kwenda kuolewa katika nchi ya ugenini na mtu ambaye maisha yake yalikuwa ya kuhamahama.

Msiba wao wa kwanza haukukawia. Walipokuwa wakijaribu kurudi Uhabeshi, Rosine alijifungua njiani, katika nyika ya Washoho karibu na pwani ya Bahari ya Shamu. Mtoto hakuishi. Wakamwita Eneba, neno la Kihabeshi lenye maana ya chozi.

Mlango wa Uhabeshi ulipofungwa, waligeukia kusini. Januari 1844 Krapf alifika Unguja, akapokewa vyema na Seyyid Said, ambaye alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Mwezi wa Mei mwaka huo huo mume na mke wakawa wakazi wa Mombasa. Tarehe 8 Juni Krapf aliianza kazi ya kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji. Naam, Mkristo na kadhi waliketi pamoja kuyatafutia maneno maandiko hayo. Ni jambo la kutiwa maanani na wale wanaodhani kwamba dini mbili haziwezi kukaa barazani pamoja.

Mke alikuwa mja mzito, na masika yalikuwa yameleta homa.

WIKI MOJA YA JULAI

Tarehe 6 Julai Rosine alijifungua mtoto wa kike. Homa ikamshika yeye na mumewe pia. Siku ya tarehe 13 akakata roho. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani karibu yake, na katika kumbukumbu zake anaeleza kwamba ilimbidi ajikokote kwa taabu kubwa ili ahakikishe kama kweli mkewe amefariki. Siku chache baadaye mtoto naye akamfuata mama.

Rosine alikuwa ameomba azikwe bara wala si kisiwani, ili kaburi lake liwakumbushe wapitao ni jambo gani lililowaleta huku. Liwali wa Mombasa na watu wengine wa mji, Waislamu, walishiriki katika mazishi. Jambo hilo halisimuliwi sana, lakini linafaa kusimuliwa. Mgeni alifiwa na wenyeji wakamzikia, kama ilivyo desturi ya pwani hadi leo.

Baada ya hapo Krapf aliwaandikia wakubwa wake wa London kwamba sasa liko kaburi la misheni katika pwani ya Afrika ya Mashariki, nayo ni ishara kwamba mapambano yamekwisha kuanza katika sehemu hii ya dunia. Barua hiyo imetajwa na wahubiri wengi kama mfano wa imani isiyotikisika. Na ni kweli, mwanamume aliyefiwa na mke na watoto wawili katika muda wa miaka miwili, asikate tamaa, si mtu wa kawaida.

Hata hivyo, ukisimama pale Mkomani jiulize pia upande wa pili. Habari za siku za mwisho za Rosine tunazipata kwa kalamu ya mumewe. Je, yeye mwenyewe aliwaza nini usiku ule, mtoto akilia ubavuni, mume akitetemeka kwa homa, na mama yake mzazi yuko Ulaya? Je, ilikuwepo nafasi ya kusema, "Baba Eneba, tupumzike kidogo kwanza"? Swali hili halimvunjii Krapf heshima. Linamrudishia Rosine sehemu yake ya heshima.

PITIA KENGELENI

Ukitoka Mkomani, simama Kengeleni kabla ya kulivuka tena daraja. Wengi hulijua jina hili kwa sababu ya matatu na msongamano wa magari. Lakini jina limetokana na kengele ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na CMS mwaka wa 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka utumwani. Mnara wake mdogo ungalipo kando ya barabara. Wazee husimulia kwamba kengele ilipigwa kuwatahadharisha wanakijiji dhidi ya wafanyabiashara ya watumwa.

Fikiria watu waliokusanyika hapa. Huyu alinyakuliwa Nyasa, yule Uyao, mwingine alikuwa mdogo mno hata hakumbuki kwao. Hawakuwa na mjomba, shangazi wala nyanya. Mtu akitaka kuoa, nani angempelekea posa? Mtoto akizaliwa, nani angempa jina la ukoo? Kanisa liliwajibika kuwa ukoo kwao. Hapo ndipo neno "ndugu", tunalolitamka kwa wepesi kila Jumapili, lilipokuwa na uzito kamili.

KUPANDA RABAI

Sasa rudi kisiwani, ushike barabara kuu ya Nairobi hadi Mazeras. Hapo magari ya kwenda Kaloleni hukata kulia, na baada ya mwendo mfupi utakuwa Rabai, katika Kaunti ya Kilifi. Joto la Mombasa utaliacha nyuma kidogo kidogo. Minazi ni mingi, na upepo wa vilima ni wa kuburudisha.

Krapf alikaa Mombasa peke yake miaka miwili hadi alipojiunga naye Mjerumani mwenzake, Johannes Rebmann, Juni 1846. Tarehe 25 Agosti mwaka huo wakapanda Rabai, wote wawili wakiwa na homa. Wazee wa Kirabai waliwakubalia wakae. Misheni ikaanza, lakini kama ulidhani watu walimiminika kanisani, umekosea. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, kiwete, tena alibatizwa akiwa katika kitanda cha mauti. Baada ya miaka kadhaa ya kazi, hayo ndiyo mavuno yaliyokuwepo.

Utakapofika utaliona Kanisa la Mtakatifu Paulo na jengo la kale la kanisa la mwaka wa 1887, na nyumba zinazohusishwa na Krapf na Rebmann. Yapo pia makumbusho yaliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Ulizia ada langoni, na umwombe mwelekezi akutembeze. Si mbali na hapo kuna msitu wa kaya ya Warabai, mmoja wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyotiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka wa 2008. Usiingie kayani bila ruhusa ya wazee. Una mila na miiko yake, nayo ilikuwepo kabla kengele ya kanisa haijalia.

Rabai ina hadithi nyingine ya kujivunia. Mwaka wa 1864 walifika hapa Waafrika waliokombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik huko Uhindi, miongoni mwao William Jones na Ishmael Semler, pamoja na wake zao. Baadaye Jones ndiye aliyekuwa akiiangalia Rabai wakati watumwa waliotoroka mashambani walipokuwa wakikimbilia hapa kwa mamia. Mwaka wa 1888 mabwana zao walipodai mali yao, Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilikubali kuwalipa fidia. Zaidi ya watu 1,400, wa Rabai na misheni nyinginezo, wakapata uhuru wao. Vyeti vilitolewa siku ya mwaka mpya, 1889.

KIPOFU NA MWANA WA MZEE GUNJA

Lakini kwa msomaji wa ukurasa huu wa jamii, hadithi iliyo tamu zaidi ya Rabai ni ya Rebmann.

Yeye ndiye aliyeuona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na mabingwa wa Ulaya wakamcheka kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Mwaka wa 1851 alimwoa Emma. Mtoto wao alifariki angali mchanga. Krapf aliondoka mwaka wa 1853 kwa sababu ya afya. Rebmann alibaki. Mwaka wa 1866 Emma naye akaaga dunia. Mzee akaendelea na kazi yake ya kamusi na tafsiri, huku macho yakimfifia. Hatimaye hakuona kabisa.

Alikaa miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja. Mwaka wa 1875 alipokubali kuondoka, hakuwa na mke wala mtoto wa kumshika mkono. Aliyemwongoza hadi Ujerumani ni Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, mmoja wa Wakristo wa mwanzo wa Rabai. Rebmann alifariki mwaka uliofuata, 1876, huko Korntal.

Hebu lione jambo hilo, msomaji. Kijana wa Kirabai anapanda meli, anavuka bahari asizozijua, amemshika mkono mzee kipofu wa Kizungu kama ambavyo mtoto angemshika babake. Vitabu vya historia hulipitia jambo hili kwa sentensi moja. Lakini kama kuna mavuno yoyote ya miaka ile 29, basi Nyondo ni mmojawapo. Waliompa Rebmann familia alipoikosa yake walikuwa watu wa Rabai.

TUJE NYUMBANI

Unaposhuka kutoka Rabai jioni, tafakari juu ya kasisi au mchungaji wa kanisa lako mwenyewe. Leo homa ina dawa, na hakuna anayesafiri kwa jahazi kwenda mtaa mpya. Lakini nyumba ya mhubiri bado inalipa. Barua ya uhamisho huja, na watoto wakabadilisha shule na marafiki. Mke, tunayemwita "Mama Mchungaji", hutarajiwa aongoze akina mama, apike chai ya wageni, atabasamu mlangoni, wala asiwahi kuugua. Bwana yuko mazishini Jumamosi, ibadani Jumapili, hospitalini Jumatatu. Mwanawe akikosea kidogo tu, mtaa mzima husema, "Na huyo ni mtoto wa kasisi!"

Mtume Paulo, akimwandikia Timotheo, alisema askofu ajue kuisimamia nyumba yake mwenyewe vyema. Maneno hayo hutumiwa sana kuwahukumu wachungaji. Lakini atasimamiaje nyumba ambayo sisi waumini hatumpi nafasi ya kukaa?

Basi kuna mambo ambayo kila kanisa linaweza kuyafanya pasipo kungoja harambee. Mchungaji apewe siku yake moja katika wiki, na mtu asimbishie hodi ila kwa jambo la dharura. Mama Mchungaji aulizwe hali yake kama mtu, kabla ya kuulizwa mipango ya mkutano. Watoto wao waachwe wawe watoto. Na mchungaji mwenyewe asione haya kuwaambia wazee wa kanisa, "Leo mke wangu hajisikii vyema, nitabaki naye."

Krapf alioa tena mwaka wa 1856, akaishi hadi Novemba 1881. Inasimuliwa kwamba alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake, amefariki akisali. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitolewa mwaka uliofuata. Matunda yake tunayala hadi leo, wewe unayesoma gazeti hili la Kiswahili ukiwemo.

Ukienda Mkomani, chukua watoto. Waambie jina la mama yule.