Sangara na Kibebe

Mimi na mdogo wangu tumebishana juu ya samaki wawili kwa zaidi ya miaka 30, na ubishi umezeeka pamoja nasi. Yeye ni mtu wa sangara. Aliacha mashimo ya dhahabu ya Nyarugusu baada ya kufukiwa na kifusi mpaka kifuani, akateremka Nkome, pwani ya Geita, akanunua mtumbwi. Mimi nilipangiwa kufundisha Kigoma, na huko Ujiji nikamjua kibebe.

Kibebe ukimtazama huhitaji kuelezwa kazi yake. Meno yake huonekana hata akifumba kinywa. Ya juu na ya chini yanapishana kama ya mtego wa chuma. Mdogo wangu alipokuja kunitembelea mwaka 1991 alileta mshipi wake wa Nkome. "Kaka," akasema, "samaki wa kilo sita ndiye wa kunishinda mimi?" Asubuhi moja alikatiwa mara tatu. Mara ya nne mzee mmoja wa pale akamfungia kipande cha waya juu ya ndoano. Kibebe akashika, akaruka juu ya maji, akatikisa kichwa, na ndoano ikarudi tupu. Kinywa chake ni mfupa. Ndoano haipati pa kuzama. Mdogo wangu alicheka mpaka mtumbwi ukayumba.

Sangara hana mbwembwe hizo. Meno yake ni madogo, ukipitisha kidole utadhani umegusa msasa. Hana haja ya kukata. Hufungua kinywa ghafla, na maji huingia pamoja na kila kilichokuwamo. Aliweza kufika kilo 200, ingawa siku hizi wa namna hiyo ni hadithi. Akinaswa huvuta kwa uzito, kama jiwe lililoamua kutembea. Kisiwani Rubondo watalii hulipa kwa ajili ya kuvutwa hivyo! Usiku, jicho lake likipigwa na taa, huwaka rangi ya dhahabu, na mdogo wangu husema yeye hajawahi kuacha kazi yake ya kwanza.

Hapo ndipo nami humkumbusha baba.

Kibebe yumo Tanganyika tangu kale, na migebuka na dagaa wapo naye. Sangara aliletwa Ziwa Victoria na watu, miaka ya 1950 na 1960, akitolewa Albert na Turkana. Baba alikuwa akivua furu kwa ndoano ndogo. Wataalamu wanasema ziwa lilikuwa na zaidi ya aina 500 za furu. Baba alizijua zile zilizokuja kwenye ndoano yake, na kila moja aliiita kwa jina. Mwaka 1985 alirudi siku tatu mfululizo na kikapu kitupu. Siku ya nne alileta sangara. Mama alipombanika, mafuta yalichuruzika na kuwasha moto, nyumba ikajaa moshi. Baba hakula. Wala hakurudi tena ziwani. Nikamchukia samaki yule kwa niaba yake.

Lakini mke wangu alipohitaji upasuaji mwaka 1998, fedha zilitoka Nkome. Mdogo wangu hajapata kunikumbusha jambo hilo hata siku moja, hata ubishi ukipamba moto. Afadhali angenikumbusha.

Sasa nimestaafu, naishi Shinyanga, mbali na maziwa yote mawili. Mara ya mwisho nilipokwenda Nkome nilimkuta akipasua sangara wa wastani. Alitoa bondo kwanza, akaliweka kando kwa uangalifu, kwa kuwa mabondo siku hizi yana bei kuliko nyama. Kisha akapasua tumbo. Ndani mlikuwa na sangara mdogo, kwani hula hata watoto wake, na furu wawili ambao walikuwa hawajaharibika.

Akawaosha kwa maji ya ziwa, akawaweka kiganjani mwangu.

"Wameanza kurudi, kaka. Hawa baba aliwaitaje?"

Tuliwageuzageuza. Mmoja alikuwa na wekundu kidogo mkiani. Si yeye wala mimi aliyekumbuka.