Kuhesabu Upya Baada ya Giza

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ni ya madukani na bandarini, lakini yapo makabati ya chuma ambamo hutimia kila umeme unapokatika.

Makabati hayo ni maktaba za kanda zinazojiendesha zenyewe. Ndani yake zimepangwa kaseti za kanda ya sumaku, kila moja katika kijumba chake, kila moja na lebo ya mistari isomwayo kwa mwanga. Baina ya safu hupita mkono wa roboti, ukachomoa kaseti, ukaipeleka kwenye mashine ya kuandikia na kusomea, kisha ukairejesha. Kanda za aina ya LTO zilianza mwaka 2000. Kaseti ya kizazi cha tisa, kilichotoka mwaka 2021, hutosha kiganjani, ilhali imebeba utepe wa mita 1,035 na nafasi ya terabaiti 18.

Umeme ukikatika kazi ikiwa imepamba moto, mkono huganda njiani na kaseti yake vidoleni. Kaseti nyingine imo mashineni, utepe umefunguliwa nusu, sentensi haijaisha.

Mwanga urejeapo, mkono haukimbilii kazi. Kwanza hujijaribu viungo, kisha huitafuta alama ya mwanzo wa reli yake ili ujue ulipo. Halafu hujichungua: je, umeshika kitu? Ukikuta kaseti, huitafutia kijumba kabla ya jambo jingine lolote, kwani mkono uliojaa haupokei. Mashine nayo huukaza utepe taratibu na kuuzungusha nyuma, maana ukivutwa kwa pupa hukatika. Ndipo ije hesabu. Kijumba baada ya kijumba, lebo husomwa na kulinganishwa na daftari la zamani. Penye hitilafu, kilichoonekana ndicho kinachoandikwa, na kilichokumbukwa hufutwa. Aghalabu hesabu hiyo hufanywa pia mlango unapofunguliwa na kufungwa, kwa kuwa huenda mkono wa binadamu umepita humo.

Hata hivyo, lipo jambo lisilorejeshwa na mkono wala hesabu. Maneno yapelekwayo kwenye kanda hupumzika kwanza katika kumbukumbu ya muda ya mashine, ambayo hufa pamoja na umeme. Yaliyokuwa hapo hayakufika kandani, na kanda haina habari nayo. Kwa hiyo programu iliyotungwa vyema huweka alama kila baada ya fungu, husubiri mashine ijibu kwamba fungu limekwisha kuandikwa, na baada ya mkatiko huanza tena palipo alama ya mwisho iliyothibitishwa. Katika CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, ambacho hifadhi yake ya kanda ilipita petabaiti 200 mwaka 2017, faili hukaa kwenye diski, wala haliondolewi hapo mpaka liwe salama kandani.

Wanakili wa hati za kale za Kiislamu waliifahamu kanuni hiyo. Kazi yao haikukamilika kwa kuandika herufi ya mwisho. Ilikamilika kwa mukabala, yaani kuisoma nakala mbele ya asili yake, neno kwa neno.

Hasara kubwa, basi, haiji na giza. Huja na mwenye haraka aitupaye asili kwa kuambiwa tu kwamba nakala ipo. Aliye na kanda ya sauti ya bibi yake akighani, au daftari la tungo lililoanza kuliwa na mchwa, na alihamishie kwenye kompyuta. Kisha akae, aisikilize nakala mwanzo hadi mwisho, aisome beti kwa beti. Umeme ukikatika katikati, asiseme kwamba alikuwa karibu kumaliza. Arudi kwenye ubeti wa mwisho aliouhakikisha, aanzie hapo.