Kikwembe cha mama ndani ya kisanduku cha mbao

Leo tuongee juu ya visanduku vya mbao vya kutunzia herini na bangili, hasa kitambaa kinachotandikwa ndani.

Kwa mama wengi wa kwetu, vito ni akiba. Tangu M23 waingie Bukavu mwezi wa pili 2025 na benki kufunga milango, wengi walibaki na kile walichovaa tu. Dada yangu mkubwa alivuka Ruzizi hadi Burundi akiwa na bangili za shaba za marehemu mama ndani ya kopo la maziwa. Zilifika zimekwaruzika. Tena, aliniambia, kila hatua kopo lililia, na njiani hakuna mtu anayetaka mzigo wake usikike.

Ndiyo sababu nilimwomba fundi mmoja wa mbao hapa Kadutu anitengenezee kisanduku, anifundishe pia kukitandika.

Kwanza, mbao iwe imekauka vizuri. Mbao mbichi hujikunja, na kitambaa kinabanduka. Piga msasa ndani, ufute vumbi. Kata vipande vitano vya kartoni: cha chini na vinne vya pembeni. Kila kimoja kipungue milimita 2 hivi, maana kitambaa kina unene wake. Funika kila kipande kwa kitambaa, ukunje kingo nyuma, na kola ipakwe nyuma tu. Ikipita mbele, inaacha doa. Anza na pembeni, halafu kile cha chini kiingie mwisho kwa kubanwa, bila kola. Chini yake weka sponji nyembamba. Kwa pete na herini, kunja vitambaa kama sigara nene, uvipange vikibanana. Kisha acha kifuniko wazi mpaka harufu ya kola iishe.

Mbona cha chini kisibandikwe? Kwetu mvua inanyesha kuanzia mwezi wa tisa hadi wa tano, na unyevu unafanya shaba iote ukijani. Kipande kinachotoka kinaanikwa juani, kinarudi. Ukikishonea utepe mdogo, unakivuta kwa kidole.

Wateja wengi wanaomba velure nyekundu au nyeusi, na kweli inapendeza. Mimi nilikata kikwembe cha mama, upande ambao haukuchakaa. Fundi alinitazama, akasema: « Papa, hii hauwezi kuinunua sokoni. » Alipunguza bei bila mimi kumwomba.

Mama zangu mlio ugenini, kama mna kipande cha nguo ya nyumbani, msikitupe. Kartoni inaokotwa, kola ni ya pesa kidogo, na kazi ni ya mchana mmoja. Kisanduku cha dada kiko tayari. Nimekitikisa mara tatu karibu na sikio: kimya. Kinangoja mtu wa safari tu.