Noeli ya Ugenini



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja mzee kutoka kigango kilicho upande wa Bunda alituletea simu yake tumsomee ujumbe. Kijana wake, aliye masomoni Ulaya, ameandika kwamba Noeli hii hatakuja, nauli haikupatikana. Mama hakulia. Aliuliza tu: “Padre, huko aliko, Noeli wanasali?” Tulimjibu kwa haraka kuwa wanasali, tena vizuri, kisha tukaenda kubatiza watoto waliokuwa wakitusubiri. Jibu lile limetusumbua juma zima.

Sisi nasi tuliwahi kula Noeli ugenini. Mwaka 2011 tulikuwa wanafunzi Roma. Tulisali Misa ya mkesha katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro, iliyoanza saa nne usiku, na nje uwanjani tukalitazama pango kubwa, desturi iliyoanzishwa na Baba Mtakatifu Yohane Paulo II mwaka 1982. Siku ya pili, saa sita mchana, tulirudi uwanjani hapo kupokea baraka ya Urbi et Orbi, yaani kwa jiji na kwa ulimwengu. Baba Mtakatifu Benedikto XVI alitoa salamu za Noeli kwa lugha nyingi, moja baada ya nyingine, nasi tukangoja kwa moyo wa mtoto. Kiswahili kilipofika tulishangilia kwa nguvu, hata familia ya Waitaliano iliyokuwa mbele yetu ikageuka kutazama kuna nini. Zilikuwa sekunde chache tu. Alasiri tukaenda Kanisa Kuu la Bikira Maria Mkuu, ambako alizikwa Baba Mtakatifu Fransisko mwaka 2025. Humo huhifadhiwa vipande vya mbao ambavyo waamini wamevitukuza tangu kale kuwa vya hori la Bethlehemu. Tulipiga magoti mbele yake, na kwa hakika tulisali.

Lakini jioni iliingia. Maduka yalifungwa, mitaa ikawa tupu, kila mtu yu mezani kwa wazazi wake. Tulibaki watatu katika nyumba ya wanafunzi, tukasonga ugali kwa unga wa mahindi wa njano wa Kiitaliano, ambao, tusiwafiche, haukazi sawasawa. Tukanunua kadi ya simu na kumpigia baba yetu mzazi kijijini, karibu na Butiama. Hakuuliza habari za Papa wala za makanisa. Aliuliza: “Nani amewakaribisha?” Tukamjibu: “Wengi, Baba.” Hakuwapo hata mmoja. Akaridhika, akamshukuru Mungu. Alifariki kabla hatujamaliza masomo, akiwa na jibu letu lile.

Tangu turudi, kila tupitapo Butiama humfikiria Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, kwa sababu hii tu ya Noeli. Alibatizwa Nyegina tarehe 23 Desemba 1943, siku mbili kabla ya sikukuu. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, akahitimu mwaka 1952. Noeli tatu zikapita katika masomo hayo. Uskoti ya wakati ule haikuwa na mapumziko ya Noeli. Tangu Matengenezo ya Kiprotestanti ya karne ya 16 sikukuu hiyo ilikuwa imefifia, na watu wakasherehekea zaidi Mwaka Mpya. Desemba 25 haikufanywa sikukuu ya taifa huko hadi mwaka 1958. Mkatoliki kijana kutoka Uzanaki alijikuta katika mji wa ngome na makanisa ya kale, ambako siku aliyozaliwa Bwana wengi walikwenda kazini kama kawaida.

Basi mama wa Bunda hakuuliza swali la kitoto.

Nasi huku je? Mwaka jana, baada ya Misa ya Noeli, tulimwona mwalimu kijana, mgeni aliyepangiwa kazi shule ya jirani kutoka mikoa ya kusini, akirudi peke yake kwenye chumba chake na chupa moja ya soda. Tulimpungia mkono kutoka kwenye gari. Tulikuwa tunawahi Misa ya kigangoni, na baada ya hapo tulialikwa chakula nyumba tatu.

Jumatano tulikwenda kwa yule mama. Tulimwambia ukweli: kwamba wanasali, na kwamba saa ngumu ni ile ya chakula. Tukamsimulia habari za ugali wa njano, na za baba yetu, na za yule mwalimu pia. Alinyamaza kitambo akichambua dagaa zake. Kisha akauliza kama mwalimu huyo bado yupo, na kama kwao wanakula sato.

Misa ya mkesha ni saa tatu usiku. Wenye wageni waje nao.