Sala Ilipohamia Uani

Utotoni mwangu, kwenye kilima kimoja cha wilaya ya Ngara, dini ilikuwa jambo la safari. Jumapili tuliamka na giza, tukapakwa mafuta miguuni, tukashika njia ya parokiani Rulenge, baba akiwa amebeba viatu vyake mkononi ili avivae karibu na mlango wa kanisa. Huko kulikuwa na kengele, kuta za matofali na harufu ya ubani. Mungu alikaa huko. Sisi tulikaa kwetu, kwenye migomba, mbuzi na moshi wa kuni.

Mabadiliko yalikuja na askofu. Christopher Mwoleka alianza kuliongoza Jimbo la Rulenge mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Wakati wengine wakibishana kama Mkristo anaweza kuukubali ujamaa, yeye alikwenda kuishi na wakulima katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga. Alifundisha kwamba Utatu Mtakatifu si fumbo la kuumizia kichwa. Ni mfano wa kuigwa: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu wanashirikiana vyote, nasi tuishi hivyo hivyo. Mwaka 1973 maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu wa Afrika Mashariki na nchi jirani, waliazimia kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Kwa wengi lilikuwa azimio la mkutano. Kwetu lilifika hadi mlangoni.

Siku zamu ya kusalisha ilipoangukia nyumba yetu, mama alifagia ua tangu alfajiri, akanyunyiza maji vumbi litulie, akatandika mikeka. Juu ya meza ya kulia aliweka kitambaa alichokidarizi mwenyewe, msalaba, na maua ya porini ndani ya kikombe cha bati. Majirani walipoketi, katekista alisoma Injili ya Jumapili inayofuata, kisha akauliza kila mmoja amesikia nini.

Siku hiyo ulisomwa mfano wa mpanzi. Bibi hakujua kusoma, na kanisani hakuna aliyewahi kumwomba aseme neno. Alinyamaza kwanza, halafu akasema, "Wanangu, mpanzi huyu hakuwa mzembe. Shamba la mlimani ndivyo lilivyo: njia inakatiza katikati, mawe yako juu, miiba iko pembeni, na udongo mzuri uko humo humo. Mwenye shamba hana shamba jingine. Anapanda kote, anamwachia Mungu mvua." Mahubiri juu ya mfano ule nilikuwa nimeyasikia mara nyingi, lakini ni bibi aliyenionyesha shamba lenyewe. Lilikuwa letu, pale nyuma ya nyumba.

Tangu hapo nilianza kuyaona yaliyokuwa mbele ya macho yangu miaka yote. Kabla ya mvua za vuli akina mama walipeleka mbegu kigangoni zibarikiwe, maharage mekundu, ya njano na yenye madoa yakiwa yamejaa vikapuni, na mimi nikaona kwamba ni mazuri. Wakati wa sadaka ya mavuno mikungu ya ndizi, mihogo na kuku vilipelekwa altareni kwa ngoma na vigelegele. Mikono ile ile iliyopalilia Jumamosi ndiyo iliyotoa Jumapili. Umaskini haukuondoka. Kilichoondoka ni ile fikra kwamba maisha yetu ni duni mno kwa Mungu kukaa ndani yake.

Nilipoolewa Biharamulo nilikuta njia nyingine iliyofika mahali pale pale. Jirani yangu alikuwa Mwanglikana aliyelelewa karibu na Katoke, penye misheni ya zamani ya Kianglikana. Watu wake waliguswa na uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, nao walizoea kukutana majumbani, kuungama mbele ya wenzao na kuimba. Asubuhi alipokuwa akiwasha moto niliusikia wimbo wake kupitia ukuta wa miti na udongo. Tuliazimana chumvi, na mtoto wa mmoja alipougua tulisali pamoja.

Mwishoni mwa Aprili 1994 imani hii ilipimwa. Katika muda wa siku moja hivi Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara, na mahali paitwapo Benaco pakageuka mji wa maturubai. Miti ilikatwa vilima vikabaki uchi, maji yakawa ya kugombaniwa. Nilikwenda kumwona mama. Alilalamika, na alikuwa na haki. Lakini jioni mwanamke mkimbizi aliketi mkekani katika jumuiya yetu akaongoza fungu la rozari kwa Kinyarwanda, nasi tuliozaliwa na Kihangaza tukamfuata bila mkalimani. Mama alimpimia maharage.

Tulijua pia kwamba miongoni mwa waliovuka walikuwamo waliomwaga damu katika mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu waliobatizwa kama sisi na kuimba nyimbo kama zetu. Jambo hilo lilitufundisha kwa uchungu kwamba sala nzuri isiyomlinda jirani haina thamani. Wakimbizi wengi walirudi kwao Desemba 1996. Mama aliendelea kuisimulia habari ile hadi uzee wake, kila mara akitukumbusha kumwuliza kila anayesali, "Jirani yako yuko wapi?"

Swali hilo liliendelea kujibiwa kwa vitendo. Mnyauko wa migomba ulipotufikia, wanajumuiya ndio waliokuja na majembe kung'oa mashina yaliyougua, shamba kwa shamba, bila malipo. Mwoleka alistaafu mwaka 1996 na kufariki mwaka 2002. Tangu 2008 jimbo linaitwa Rulenge-Ngara. Jumuiya bado zipo. Hata hivyo nyingi nilizosali nazo miaka hii zinaisoma Injili haraka haraka, kisha linafunguliwa daftari la michango na muda wote unaishia humo. Mjane asiye na kitu anaona haya kuja. Vijana wanakuja kusomewa madeni, basi hawarudi tena.

Michango inahitajika, sikatai. Kanisa halijengwi kwa maneno. Ila nawaomba wanajumuiya wenzangu wa Ngara na Biharamulo: Injili itangulie, daftari lifuate. Mwenye zamu afagie ua na aweke maua mezani, hata kama ni ya porini. Na kabla mweka hazina hajasimama, aulizwe mkulima aliye kimya kuliko wote amesikia nini katika Neno la siku hiyo, kisha apewe muda wa kujibu.