Unene Ndio Unaosaliti

Modeli ya kwanza ya ndege ya Dakota niliyoiunda nilidhani nimeimaliza. Ilikuwa ya skeli ya 1:72: ndege halisi ina mita 29 kutoka ncha ya bawa moja hadi ya jingine, yangu ikawa na sentimita 40. Nilipima kwa rula, kila kitu kikakubali. Nikaipeleka kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu hapa Dar es Salaam, aliyekuwa fundi wa East African Airways kule Nairobi hadi shirika lilipovunjika mwaka 1977. Nilimwamkia, akaitikia, akaishika kwa vidole viwili na kugusa ukingo wa nyuma wa bawa.

"Mwanangu, hapa umejenga tofali."

Nyumbani nikapima tena, safari hii kwa kalipa: milimita 0.7. Zidisha mara 72, unapata sentimita tano. Kwenye Dakota yenyewe ukingo huo ni bati jembamba. Mzee alinionyesha kovu utosini, la siku aliyoinuka chini ya bawa bila kuangalia.

Tangu hapo nazidisha kwa 72 kabla ya kugusa gundi. Urefu na upana viwanda huvipatia. Kinachosaliti ni unene, kwa sababu plastiki haimiminiki kwenye kalibu ikawa nyembamba kadiri utakavyo. Kioo cha rubani cha milimita moja ni kioo cha sentimita saba! Dawa yake ni msasa. Bawa huja nusu mbili, ya juu na ya chini. Nazisugua kwa ndani kabla ya kuziunganisha, mpaka ukingo uanze kupitisha mwanga. Ni kazi ya jioni tatu, na sina haraka nayo.

Usukani wa mkia ni habari nyingine. Dakota ina mwili wa alumini, lakini usukani wake umefunikwa kitambaa, na waunda modeli wengi hukichonga kikiwa kimebonyea kati ya mbavu kama shuka lililoanikwa. Kitambaa cha ndege huwambwa, kikapakwa dawa ya kukikaza, kikawa kama ngozi ya ngoma. Mabonde yale nayajaza karibu yote.

Waya wa antena wengi huutengeneza kwa unywele, hata mimi nilifanya hivyo. Unywele una kama milimita 0.07, mara 72 ni milimita tano, kamba ya kuanikia nguo. Siku hizi nachukua kijiti cha plastiki kilichobaki kwenye fremu ya vipande, nakipasha juu ya mshumaa hadi kilegee, nakitoa motoni, nahesabu moja, ndipo navuta. Uzi unaotoka huuoni mpaka uupitishe mbele ya karatasi nyeusi. Bomba za kupimia mwendo, zile mbili chini ya pua, nazikata kwenye sindano ya insulini.

Rangi naififisha kwa nyeupe kidogo. Modeli iliyo nusu mita kutoka machoni ni ndege iliyo mita 36, na hewa ya katikati hupunguza ukali.

Kwenye Dakota ya pili zikabaki ribiti, zile pini zinazoshikilia bati. Zilikuja zimevimba kama upele. Kichwa kinachosimama milimita moja juu ya bati, katika skeli hii mkono mmoja wa rangi unakifunika. Nikazisaga zote. Mzee akaizungusha kimya, kisha akauliza, "Na ribiti zangu?" Ujana wake ulipita pale, yeye nje na nyundo ya upepo, mwenzake ndani ameshikilia chuma.

Hesabu ilikuwa upande wangu, lakini sikuweza kumjibu kwa hesabu. Nilirudi nayo, nikachoma nukta kwa ncha ya sindano kuzunguka mlango wa nyuma, ubavu wa kushoto, nikapaka mkono mmoja mwepesi. Ukiitazama moja kwa moja huoni kitu. Yeye aliiinamisha taratibu dirishani mpaka mwanga ukapita kwa ubavu, mstari ukajitokeza, akaanza kuzihesabu kwa ukucha.