Toa Makelele, Acha Muziki

Kaseti yenyewe ni TDK ya dakika tisini, plastiki nyeusi, na kwenye kibandiko chake baba ameandika kwa kalamu ya bluu: OTTU JAZZ. USIFUTE. Neno la mwisho amelipigia mstari mara mbili, maana nyumbani kwetu Nachingwea kaseti zilikuwa chache na watoto tulikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa na kipindi chake cha redio anachotaka kukirekodi.

Nikuombe radhi mapema, msomaji. Humu huwa tunaandika kuhusu vitabu na albamu ambazo mtu akimaliza kusoma anaweza kwenda kuzitafuta. Hii huwezi kuitafuta. Nakala ilikuwa moja tu duniani, na mimi ndiye niliyeiharibu.

Ilirekodiwa Jumamosi moja usiku, katika miaka ya tisini, kwenye ukumbi mmoja wa Ilala, Dar es Salaam. Baba alikuwa karani wa ghala la korosho. Alikuwa ametumwa mjini kikazi, akafikia kwa baba mdogo, na baba mdogo akaona haiwezekani mgeni arudi kusini bila kuwaona wakongwe jukwaani. Wakabeba redio kaseti, ile kubwa ya spika mbili, wakaiweka mezani kati ya chupa za bia na sahani ya mishikaki, wakabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Basi. Hakukuwa na fundi mitambo wala maikrofoni ya ziada.

Wakongwe hao wamebadili majina kama mpangaji anavyobadili nyumba. Walianza mwaka 1964 wakiwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipogeuka JUWATA, nao wakawa JUWATA Jazz. Ikaja OTTU, wakawa OTTU Jazz. Baadaye walipojitegemea wakabaki na jina la mtindo wao, Msondo Ngoma, na mashabiki wakawaongezea lao: Baba ya Muziki. Msondo ni ngoma ndefu ya unyago, kwa hiyo watu wa pwani na kusini tulilielewa jina hilo hata kabla ya kuelezwa. Muhidin Maalim Gurumo aliimba humo tangu enzi za NUTA, akaondoka mwishoni mwa miaka ya sabini kwenda kuanzisha Mlimani Park, wale wa Sikinde, akapita Orchestra Safari Sound, halafu akarudi nyumbani kama vile alikuwa ametoka dukani tu. Usiku ule wa kaseti yetu alikuwepo. TX Moshi William alikuwepo. Gita la solo alishika Said Mabera.

Nyimbo zao tulizijua kwa redio. Zilirekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ndani ya studio, wote wanapiga kwa pamoja mwanzo hadi mwisho. Akiteleza mmoja, wanarudia wote. Kwa hiyo hata zile za studio zilikuwa za moja kwa moja kwa namna yake, ndiyo maana hadi leo zina joto. Ila zilikosa watu. Na zilikuwa na haraka: gita ndiyo kwanza linakolea, mtangazaji huyo kaingia na salamu.

Ukumbini wimbo hauna haraka ya kufika popote. Wanaoujua muziki wa dansi wanajua una nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ni hadithi: mume anamlalamikia mke, rafiki anamsuta rafiki, mzazi anausia. Unaimbwa taratibu, watu wanacheza wameshikana, na wengine wamekaa tu wanasikiliza maneno kama wanaosomewa barua. Kisha ngoma inabadilika mwendo na mnaingia nyumba ya pili, chemko. Hapo hadithi imekwisha. Magita yanajibizana, tarumbeta na saksofoni zinakata juu yake, waimbaji wanabaki na kibwagizo kimoja wanakizungusha, na anayejua kucheza anajulikana.

Kwenye kaseti ya baba, wimbo wa tatu wa upande A una chemko la dakika kumi na moja. Nimelihesabu. Dakika ya nne unasikia Mabera anarudia kipande kilekile cha gita mara nane, mara tisa, hadi mtu wa meza ya jirani anacheka kwa furaha kabisa, kile kicheko cha mtu aliyeona bao likija. Chupa inaanguka. Mwanamke anasema, "Nishikie pochi." Kuna watu wanakwenda kutuza, unasikia jinsi kelele zinavyosogea mbele kuelekea jukwaani. Na bendi inawasikia. Hicho ndicho redio haikuwahi kutupa: bendi ya wazee wa kazi, watu waliokwisha kupiga nyimbo zilezile mamia ya usiku, wanasikia ukumbi umewaka na wao wanaongeza kuni. Tumba zinapanda, besi inasukuma, na redio yetu ndogo inashindwa kubeba, sauti inapasuka.

Hapo katikati ya mpasuko ndipo baba anapopiga kelele: "Waambieeee!"

Ni lazima nieleze baba alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mtu wa kuhesabu magunia. Alizungumza kama anayelipia maneno. Akikasirika alinyamaza, akifurahi alinyamaza vilevile, tofauti uiotee mwenyewe. Mimi sikumbuki baba akiinua sauti ndani ya nyumba yetu hata mara moja. Na huyu hapa yuko Ilala, tai imelegea naamini, anawapigia kelele OTTU Jazz wawaambie. Wawaambie nini, na nani, hatukuwahi kumuuliza.

Kaseti ilifika Nachingwea kwa lori. Reli ya kwetu, ile iliyojengwa kwa ajili ya mashamba ya karanga ya Waingereza, iling'olewa sisi hatujazaliwa. Daraja la Mkapa lilikuwa bado halijafunguliwa, magari yalivuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakikolea, kusini ilikuwa kisiwa. Bendi kubwa kuzifuata huko huko Dar ilikuwa safari ya kusimuliwa mwaka mzima. Kwa hiyo kaseti ile haikuwa kaseti, ilikuwa ukumbi. Jumapili baba alikuwa akiitoa, sisi tumeshaanika betri juani toka asubuhi zipate nguvu. Inaanza na sauti yake mwenyewe: "Hii inarekodi?" Baba mdogo anamjibu, "Taa nyekundu ikiwaka inarekodi, kaka." Anakohoa kidogo. Halafu bendi. Ikifika lile chemko watoto wote tulikuwa tunajiweka tayari, tunatazamana, na wakati ukifika tunapiga kelele pamoja na kaseti: "Waambieeee!" Baba anatazama pembeni. Mama anajifuta macho kwa kanga kwa kucheka.

Baba alifariki mwaka 2009, kabla simu za kurekodi sauti hazijafika mikononi mwetu. Picha zake tunazo tatu. Sauti yake haipo popote isipokuwa kwenye kaseti ile.

Dada yangu mkubwa aliolewa Ruangwa, na ndiye aliyeondoka nayo. Aliiweka kwenye kopo la Blue Band, juu ya kabati, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Redio ya kuichezea ilikufa zamani. Desemba iliyopita nikapanda Noah kutoka Nachingwea, miguu juu ya gunia la mtu, nikaenda kwake na mpango wa kisasa: tuihamishe kwenye flash, kila mmoja wetu apate nakala. Dada akasita. Akaniambia, "Mdogo wangu, mashine hizi huwa zinakula mikanda." Nikamwambia aache uzee.

Karibu na stendi nikaonyeshwa kijana anayeweka nyimbo kwenye memori kadi. Amevaa jezi ya Namungo, ana kompyuta, ana deki moja ya kaseti aliyoifufua mwenyewe. Akaisikiliza dakika mbili, akakunja uso. "Braza, hii ina makelele sana. Watu wanaongea humo." Nami, ambaye kazi yangu ni kuhariri maandishi ya wenzangu, ninayelipwa ili nitoe yasiyohitajika, nikamjibu bila kufikiri: "Toa makelele, acha muziki." Nikaenda kunywa chai.

Sina wa kumlaumu. Kijana alifanya nilichomwagiza, na alikifanya vizuri.

Na ningepaswa kujua. Kuna albamu ya bendi ya roki ya Uingereza, The Who, inaitwa Live at Leeds, iliyorekodiwa jukwaani katika Chuo Kikuu cha Leeds tarehe 14 Februari 1970. Ilipotoka, kibandiko cha sahani kiliandikwa kwa mkono, pamoja na maelezo kwa mafundi kwamba mikwaruzo inayosikika iachwe, isirekebishwe. Kisa hicho nimekisimulia mara nyingi kwenye mazungumzo ya fasihi, nikijifanya mtetezi wa mikwaruzo. Lakini mikwaruzo ya Leeds ilikuwa ya watu wengine. Ya kwetu nilipoletewa mbele yangu, niliona uchafu.

Niliporudi, kijana alikuwa na habari mbili. Ya kwanza, kazi imetoka safi. Ya pili aliitoa akiwa ameinamisha kichwa: wakati wa kurudisha mkanda, deki iliukunja. Akanionyesha. Ulikuwa umetoka nje ya kaseti kama utumbo wa kuku, umekatika mahali pawili.

Jioni tukakaa barazani kwa dada, mimi, yeye, shemeji na watoto, na spika ndogo ya bluetooth. Nikabonyeza. Muziki ukaanza moja kwa moja, gita safi, kama redio. Hakuna "Hii inarekodi?" Hakuna taa nyekundu. Kijana alikuwa amekata kila kitu kilichokuwa kati ya wimbo na wimbo, na makofi, na maongezi, na ndani ya nyimbo akapitisha programu ya kupunguza vishindo. Kicheko cha jirani kimekuwa kama mtu anayepumua ndani ya ndoo. Shemeji akatikisa kichwa, akasema bendi hizi zilikuwa bendi kweli.

Dada akasikiliza nyimbo mbili, mikono mapajani. Kisha akauliza kwa upole, kama anayeuliza chumvi, "Baba yuko wapi?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilimweleza habari ya programu. Nilimweleza mkanda unavyoweza kuunganishwa kwa seloteipu, jambo ambalo ni kweli, ila kipande kilichosagika ni cha mwanzo kabisa. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Wimbo wa tatu ukaanza, tukaacha ucheze kwa sababu hakuna aliyetaka kunyanyuka kuuzima. Hadithi ikapita. Ngoma ikabadilika mwendo. Mabera akakishika kile kipande chake, mara saba, mara nane, na hata baada ya kusafishwa kote kule bado uliona watu wale hawapigi mazoea, wanapiga kwa ajili ya mtu aliye mbele yao. Tarumbeta zikakata. Tumba zikapanda. Sauti ikapasuka.

"Rudisha nyuma," dada akasema.

Nikarudisha. Akasogeza sikio kwenye spika.

"Tena."

Alikuwa chini kabisa, nyuma ya saksofoni, amepungua, lakini alikuwepo. Kule mwanzo baba alizungumza peke yake, na programu ikamtoa kirahisi kama mimi ninavyotoa sentensi ya mtu. Hapa alipiga kelele ndani ya chemko, sauti yake imeshikana na tarumbeta na vyombo vyote, na kumtoa yeye kungehitaji kuitoa bendi.

Watoto wa dada hawakuwahi kumwona babu yao. Mdogo akauliza tunatafuta nini. Dada akamwambia, "Subiri. Nikikuambia sasa, upige kelele." Nikarudisha tena, mara ya nne.

Kesho yake nilipita kwa kijana nikamwomba asifanye chochote zaidi. Kaseti iliyokatika dada ameirudisha kwenye kopo lake. Gurumo alifariki 2014, TX Moshi alitangulia 2006, na Daraja la Mkapa siku hizi basi linalivuka abiria wamelala. Faili ninalo kwenye simu. Wenzangu wakiniletea maandishi ya kuhariri, nimeanza kuwauliza swali ambalo zamani sikuwa nauliza kabla ya kukata: hapa nani anaongea?